Mgeni Anayelipa, Je, Bado ni Mgeni?

Kuna swali lililozuka katika familia yetu mwaka wa 2019, na mpaka leo hatujalimaliza. Swali ni hili: ukimlipisha mtu kitanda na chakula nyumbani kwako, je, bado ni mgeni? Na wewe uliyepokea franga zake, bado ni mwenyeji, au umegeuka mwenye duka? Naliandika hapa kwa sababu najua si letu peke yetu. Vijana wengi wa Goma wenye asili ya Masisi, ya Rutshuru, ya Kalehe, wameota ndoto ya kufungua kwao kijijini nyumba ya kupokea watalii, na wengi wamekutana na wazee wenye kukunja uso. Hapo tunasema haraka: wazee hawaelewi maendeleo. Mimi pia nilisema vile. Leo sisemi tena.

Kikao cha mwezi wa nane

Kwetu ni kwenye kilima juu ya Sake, upande wa kwenda Mushaki. Anayepajua hana haja ya kuelezwa: malisho ya ng'ombe mpaka juu, mikaratusi, baridi ya asubuhi, na ziwa Kivu likionekana kwa mbali chini. Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita 25 hivi, halafu unaanza kupanda. Ndiko inakotoka fromaji ile ya duara tunayoikuta sokoni Goma, na viazi vinavyoteremshwa juu ya chukudu.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amemaliza masomo ya utalii hapa mjini. Mwaka ule kulikuwa na tumaini. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, ilikuwa imefungwa kwa watalii tangu mwezi wa tano 2018, baada ya mlinzi mmoja mwanamke kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa. Lakini mwezi wa pili 2019 ikafunguliwa tena. Watu walikuwa wakilipa dola 400 kuona gorila, na dola 300 kupanda Nyiragongo na kulala kule juu. Kijana akapiga hesabu. Mtu aliyesafiri mbali hivyo, kwa nini asiongeze siku mbili kwetu, aone ng'ombe wakikamuliwa, ale viazi na mashanza, alipe dola 15 kwa usiku? Vyumba viwili, matela nne, choo safi, basi.

Baba mukubwa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Kisha akasema: «Kwetu hapa hatuuzishiake mugeni chakula.» Akanyamaza. Kwa desturi, mzee akisema hivyo kikao kimekwisha. Kijana aliniangalia mimi, baba yake mudogo, msomi wa mji, nimtetee. Nikaanza kusema juu ya maendeleo, juu ya Rwanda wanavyofanya, maneno ambayo hata mimi mwenyewe sikuyaamini sana.

Aliyevunja ule ukimya ni shangazi yangu. Ni mjane, alirudi kwa kaka zake zamani, na jiko la nyumba ile liko mikononi mwake miaka zaidi ya 20. Alikuwa anachambua maharagi, wala hakuinua kichwa. Akasema: «Munasema mugeni hakuwaka analipa. Njo kweli. Lakini nani alikuwa analipa? Ni miye.»

Hakuna aliyejibu. Ndugu msomaji, nimesoma vitabu kidogo juu ya ukarimu wa Mwafrika, na nimesikia hotuba nyingi kuliko vitabu. Sikumbuki mmoja aliyeniambia neno lile. Sisi wanaume tunajisifu kwamba nyumba yetu haikufungwa kamwe kwa mpita njia. Ni kweli haikufungwa. Lakini maji ya kuoga ya yule mpita njia yalitoka mtoni juu ya mgongo wa mwanamke, kuni zilitoka msituni vilevile, na usiku mgeni alipolala kwenye kitanda, kuna mtu alilala chini. Ukarimu wa bure haukuwa bure. Ulikuwa na mlipaji, na jina lake halikutajwa.

Hapo nikaona kwamba swali letu lilikuwa limewekwa vibaya. Tulikuwa tunauliza: je, ni haki mgeni alipe? Shangazi alitufundisha kuuliza kwanza: mpaka sasa amelipa nani?

Kutoa si kununua

Hata hivyo, baba mukubwa hakuwa mjinga. Alichokuwa anakiogopa ni kitu cha kweli. Tukiangalia mila zetu vizuri tutaona kwamba hazikukataa vitu vipite kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Zilikataa vipite kwa namna fulani.

Tuchukue mahari. Kijana anatoa ng'ombe au mbuzi, siku hizi dola, na binti anaondoka kwao. Mtu wa nje akiangalia haraka atasema amenunuliwa. Sisi tunajua sivyo, na anayesema «nilikununua» mbele ya wakwe atatozwa faini. Kwa nini si ununuzi? Kwa sababu ukinunua kitu, shughuli inakwisha pale: umelipa, umechukua, kwaheri. Mahari haimalizi kitu, inaanza. Baada yake kuna kutembeleana, kuzikana, kuombana msaada, mpaka kwa wajukuu. Tena lugha zenyewe zinatukumbusha jambo hili. Neno ambalo kwa Kiswahili ni mgeni, kwa Kinyarwanda, lugha ya majirani zetu wengi, umugeni ni bibi harusi. Bibi harusi ni mtu anayefika kutoka mbali, na ambaye kufika kwake kunawafunga watu wa pande mbili.

Kulikuwa pia na ardhi. Kule Bushi, aliyepewa shamba alitoa kalinzi kwa mwenye kumpa, mara nyingi ng'ombe. Kalinzi haikuwa bei ya udongo. Ilikuwa alama kwamba sasa kuna kifungo kati yao, na kifungo kile kilirithiwa na watoto. Lakini hapa hapa ndipo hofu ya baba mukubwa inapopata mizizi. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali. Wakaja watu wenye karatasi za mji, na mkulima ambaye babu yake alitoa kalinzi akajikuta amekaa juu ya shamba la mwingine. Kilichokuwa kifungo kiligeuka bei, na wenye franga chache ndio walioumia. Mzee aliyeona mambo ya namna hiyo ana haki ya kushtuka akisikia kwamba sasa hata mgeni anaingia kwenye soko.

Kwa hiyo hatari haiko katika franga zenyewe. Iko katika lile wazo kwamba nikishalipa, hatudaiani tena. Mtalii akilipa dola 15 akafikiri amemaliza, hana haja ya kuamkia wazee, hana haja ya kuuliza kama kuna msiba kwa jirani, basi huyo kweli si mgeni. Ni mnunuzi aliyelala. Na mwenyeji akifikiri hivyo pia, atamhesabia hata chumvi.

Wahenga wa Kiswahili walijua kwamba mgeni naye ana deni. Wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii katika maandishi yake juu ya ujamaa mwaka wa 1962 kuonyesha kwamba zamani hakuna aliyekula bila kufanya kazi, hata mgeni. Wengi huisoma kama kitisho cha kumfukuza mtu. Mimi naisoma vingine. Kumpa mtu jembe ni kumwambia: sasa hatukuangalii tena kama kuku mweupe aliyeingia ua wa watu, ingia shambani pamoja nasi. Jembe ni aina ya malipo, lakini ni malipo yanayomwingiza mtu ndani.

Kant, yule Mjerumani ambaye tulimsoma kwenye masomo ya filozofia, aliandika mwaka wa 1795 kwamba kila mtu akifika kwenye nchi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui. Lakini, akasema, hiyo si haki ya kuingia nyumbani na kukaa. Kwa kukaa inatakiwa mapatano maalum. Sisi kwa mila zetu tulimpita Kant upande mmoja, kwa maana mlango wetu ulikuwa wazi hata bila mapatano. Lakini neno lake la mapatano ni jema. Nyumba ya wageni kijijini ni mapatano, na mapatano mazuri ni yale ambayo kila mmoja anajua anatoa nini na haitoi nini.

Kitanda na sura

Mwishowe baba mukubwa akakubali, kwa shingo upande. Kijana na wenzake walitumia zamu yao ya likelemba kununua matela na mablanketi. Mwanzoni mwa 2020 wakafika wageni wa kwanza, bwana na bibi kutoka Ubelgiji, usiku mbili.

Mambo yalienda vizuri mpaka asubuhi ya pili. Koko wetu, mama yake baba mukubwa, alikuwa anatikisa kibuyu cha maziwa mbele ya mlango. Yule bibi alitaka kumpiga picha. Koko akafunika uso kwa kitenge. Kijana akamwendea, akamwambia kwa sauti ya chini: «Koko, kubali tu, bamesha lipa.» Koko akajibu bila kufunua uso: «Balilipa kitanda. Sura yangu haiko kitanda.»

Kijana aliona aibu, lakini alitafsiri yote kama yalivyo, na hapo namsifu. Yule bibi akaweka kamera chini, akaomba radhi, akakaa karibu na koko. Baada ya muda koko akampa kibuyu atikise mwenyewe. Wakacheka. Picha haikupigwa.

Sitaki kusema kwamba ni kosa watu kuonyesha mila zao kwa malipo. Majirani zetu wamefanya kazi kubwa ambayo tunaweza kujifunza. Tanzania, tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa Waholanzi, vijiji kama Ng'iresi na Longido vilianza kupokea wageni katika mpango wa utalii wa utamaduni, na wenyeji ndio walioongoza. Uganda, huko Buhoma kwenye mlango wa msitu wa Bwindi, wanakijiji walijenga nyumba zao wenyewe za kulaza watalii wa gorila mwanzoni mwa miaka ile ile. Rwanda, karibu na Kinigi, katikati ya miaka ya 2000 kulianzishwa kijiji kilichoitwa Iby'Iwacu, yaani vitu vya kwetu, ambapo watu waliokuwa wakiwinda kwa siri ndani ya hifadhi walipata riziki kwa ngoma, kwa ufundi wa zamani, kwa kumvisha mgeni mavazi ya mfalme kwa saa moja. Mtu aliyetupa mtego akashika ngoma, nani atamlaumu?

Lakini ngoma inayopigwa saa nne kwa sababu basi la watalii limefika ni mchezo, na kila mtu anajua ni mchezo. Anayecheza anatoka, anavua, anakwenda kwake. Nyumbani ni vingine. Nyumbani hakuna mahali pa kwenda kuvua. Ukianza kuigiza maisha yako ndani ya nyumba yako, jioni utapumzikia wapi? Kwa hiyo anayepokea mgeni ndani ya ua wake anahitaji, kuliko mcheza ngoma, kujua ni kitu gani hakiuzwi. Koko hakusoma, lakini alikuwa ameuchora mpaka ule mahali pake sahihi.

Usiku wa matela nne

Mwezi wa tatu 2020 ugonjwa wa Covid ulifunga kila kitu. Vyumba vikakaa vitupu mwaka mzima na zaidi. Halafu, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ikalipuka. Sisi wa Goma tulikuwa tumeshaona moto ule mwaka wa 2002, ulipopita katikati ya mji, kwa hiyo hakuna aliyengoja kuambiwa mara mbili. Siku tano baadaye, matetemeko yakiendelea, serikali ikatoa amri ya kuondoka kwenye sehemu kubwa ya mji, na barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Wengine walipanda mpaka kwetu.

Nawaeleza kama nilivyoelezwa, maana mimi na mke wangu tulikuwa tumekimbilia Gisenyi. Asubuhi wafanyakazi wawili wa shirika moja walikuwa wamempigia kijana simu, wakaomba vyumba, dola 20 kila mmoja kwa usiku. Akaahidi. Jioni wakafika, na karibu saa ile ile wakafika watu 11 kutoka Goma kwa miguu, kati yao mama mwenye mtoto wa wiki mbili. Mvua inanyesha. Matela ni nne.

Hapa ndipo swali letu la 2019 lilipoacha kuwa la maneno. Kijana alikuwa ametoa ahadi, na ahadi ni deni. Tena alikuwa na deni lingine, lile la likelemba, ambalo hajamaliza kulipa, na kwa mwaka mzima hakuingiza hata franga moja. Upande mwingine kuna mtoto wa wiki mbili. Baba mukubwa alikuwa tayari kuwaambia wale wawili waondoke. Kijana akasema: Mzee, nikifukuza mtu niliyemwahidi, mimi nitakuwa nani?

Shangazi akawaita wale wawili, akawaonyesha chumba, akawaonyesha na yule mama. Akawaambia: «Chumba ni yenu, tuliwaahidi. Sasa muangalie wenyewe.» Hakuwaomba. Aliwaacha na macho yao. Wakatoa mizigo yao chumbani, wakalala sebuleni juu ya mikeka pamoja na wanaume wengine. Asubuhi wakalipa bei nzima. Kijana akataka kuwarudishia, baba mukubwa akamkataza: «Pokea. Uza nayo maharagi ya hawa wengine.» Kwa Kiswahili cha kwetu kuuza ni kununua.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na watu hufurahi. Lakini kijana hufurahi kidogo kuliko wengine, na ni haki niseme kwa nini. Wale 11 walikaa siku 12. Wakati wa kuondoka, mablanketi mawili hayakuonekana, matela moja ilikuwa imeoza kwa maji. Deni la likelemba alilipa peke yake, polepole, kwa kuuza mbuzi wake. Siku moja aliniambia: «Baba mudogo, mwaka wa 2019 shangazi alisema ni yeye alikuwa analipa. Mwaka wa 2021 nililipa miye. Heshima ni ya nyumba yote, lakini mlipaji ni mmoja siku zote.» Tena akaongeza kwamba wale wawili walikuwa watu wema, wageni wengine wangeondoka na kumharibia jina, na wasingekuwa na makosa, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema.

Sikuwa na la kumjibu. Wema uliotegemea bahati ya kupata wageni wema hauwezi kuwa msingi wa kazi.

Mwenyeji naye ni mgeni

Mwezi wa pili 2023 vita vilifika Mushaki. Safari hii wao ndio walioteremka. Watu 14 wakaingia katika parseli yangu hapa Goma, nyumba ya vyumba vitatu. Wakakaa miezi saba.

Wiki ya kwanza nilikuwa mwenyeji wa mfano. Wiki ya tatu, nakiri, nilianza kuhesabu vikombe vya maharagi. Sikusema, lakini mgeni huona hata usiyosema. Hakuna shamba kwenye parseli yangu, ni mawe ya volkano matupu, kwa hiyo hapakuwa na jembe la kumpa mtu. Shangazi akalitafuta mwenyewe. Alimwomba mke wangu kona mlangoni, akaanza kuuzisha sombe iliyotwangwa na makala kwa vifungu vidogo. Kila jioni aliweka kitu ndani ya bakuli la jikoni. Mara ya kwanza nilikataa. Nilimwambia: shangazi, unanitia aibu, mimi ni mtoto wako. Akanijibu kwamba aibu ilikuwa yake na alikuwa amechoka nayo, nimruhusu aitue.

Tangu siku ile niliacha kuamini kwamba kulipa kunamfanya mtu kuwa mnunuzi. Kuna mtu anayelipa ili asidaiwe tena, na kuna mtu anayelipa ili aendelee kukaa kati ya watu akiwa amesimama. Franga ni zile zile. Mwenyeji anayekataa kila kitu kutoka kwa mgeni wake anaweza kuwa na kiburi: anataka yeye awe mtoaji siku zote, na mwingine awe mwenye kunyoosha mkono.

Na jambo lingine nililiona, ambalo kwetu Kivu ni zito kulisema. Katika mkoa huu neno mgeni limeua watu. Kuanzia mwaka wa 1993 huko Walikale na Masisi majirani walichinjana, na kati ya maneno yaliyotangulia mapanga ni haya: nani mwenyeji hapa, nani mgeni, nani arudi kwao. Kila kabila lina historia yake ya kufika, na kila moja linaweza kuonyesha kaburi la babu. Kwa hiyo mtu akifungua nyumba kijijini na kuandika juu ya mlango «Karibu kwetu», hilo neno «kwetu» si dogo. Akiifanya ya familia moja au ya kabila moja, atakuwa amesimika bendera, hata kama hakukusudia. Mtalii ataondoka, lakini jirani atabaki akiisoma ile bendera kila asubuhi. Ndiyo sababu naona kwamba mgeni wa mbali lazima apokelewe na kilima chote: maziwa ya huyu, viazi vya yule, fromaji ya mwingine, mwongoza njia kutoka upande wa pili wa bonde. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu anahitaji kupona ugonjwa huo kwanza.

Tukianza tena

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe, na wengi waliokuwa kambini kuzunguka mji walirudi kwenye vilima vyao, wengine kukuta nyumba haina mabati. Vyumba viwili vya kijana vimebaki kuta. Kuzungumza juu ya watalii katika hali hiyo kunaweza kuonekana ni kichekesho. Lakini yeye mwenyewe ameanza kukata miti ya kujengea, na ameniomba nimwandikie masharti ya nyumba ili yabandikwe ukutani. Nimekaa na shangazi, tumeyatafuta pamoja. Ni manne.

La kwanza: kazi inalipwa, na inalipwa kwenye mkono ulioifanya. Aliyechota maji apokee yeye, aliyepika apokee yeye, mbele ya mgeni au nyuma yake, bila kupitia kwa mzee wa nyumba. Hapo ndipo bei inaweza kuleta haki ambayo mila iliisahau.

La pili: salamu, maji ya kunywa ya kwanza na sahani ya kwanza haviingii kwenye hesabu. Anayefika, awe amelipa au hajalipa, anavipata. Na havina bei, hata mtu akitoa dola 100: sura ya mtu, sala, kilio cha msiba, na mgonjwa aliye ndani.

La tatu: usiku wa shida, kitanda ni cha mwenye shida. Mgeni anayelipa ataambiwa hivyo kabla hajatoa franga yake, siyo saa ya mvua. Asiyekubali ana haki ya kwenda kulala hoteli, na tutaachana kwa amani. Na ili kijana asiwe tena mlipaji peke yake, sehemu ya kila malipo itawekwa ndani ya sanduku la kilima, kwa ajili ya matela zitakazooza.

La nne: mgeni atapewa jembe. Siku ya pili ataonyeshwa kazi ya kufanya na watu, hata ndogo, hata kuchambua maharagi. Asipoweza, akae karibu na wanaofanya.

Baba mukubwa hakuyaona masharti haya, alifariki kabla. Nilimsomea shangazi yote mpaka mwisho na kumwuliza kama kaka yake angekubali. Akafikiri. Akasema angekataa la kwanza, angekubali hayo matatu, halafu usiku angerudi kuuliza kama maji ya kuoga ya wageni yamechotwa, na ni nani ameyachota.